Sajini Sindano na Mikanda ya Majeruhi

Jeshini kila mtu alimwita Sindano, na jina hilo lilimletea taabu kwa wagonjwa. Majeruhi aliyelala kwenye machela akisikia muuguzi anasema, "Ngoja Sindano aje," alianza kujikunyata kabla hajaguswa. Halafu anatokea mwanamume mfupi, mnene kidogo, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, anasema, "Usiogope ndugu yangu, mimi ni fundi cherehani." Wengine ndipo walipozidi kuogopa.

Na kweli alikuwa fundi cherehani. Alijiunga na jeshi akiwa na miaka ishirini na miwili, akitokea dukani kwa mjomba wake alikojifunza kushona, akapelekwa moja kwa moja karakana ya nguo: magwanda, mahema, mifuko ya turubai. Kwa miaka tisa alikaa mbele ya cherehani ileile ya kukanyaga, dirisha lake likitazama ukuta wa stoo ya matairi. Hakutamani makubwa. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alizoea kuwaambia majirani kwamba ameolewa na mwanajeshi ambaye silaha yake ni mkasi.

Siku hizo kikosi cha kusafirisha majeruhi kwa ndege kilikuwa bado kichanga. Kilikuwa na chumba kimoja nyuma ya zahanati ya kambi, kabati la dawa, machela kumi na mbili, na ruhusa ya kuazima ndege ya mizigo pale inapokuwa haina mizigo. Mkuu wake alikuwa kapteni muuguzi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye wote, hata waliomzidi cheo, walimwita Sista. Mapigano ya mpakani yalikuwa yamekwisha kuanza, na barabara ya kutoka huko ilikula siku mbili. Wengi walikuwa wakifia garini.

Safari ya kwanza ya ndege ilileta watu saba, wote wakiwa hai. Lakini gurudumu lilipogusa ardhi, machela mbili zilichomoka kwenye kamba zikateleza hadi mlango wa nyuma. Aliyevunjika mguu akavunjika na mkono. Kesho yake Sista aliingia karakana ya nguo na kipande cha kamba mkononi.

"Nani hapa anashona turubai vizuri?"

Mafundi wote wakamgeukia Sindano.

"Afande, mimi nashona mahema tu," alisema.

"Hema likipigwa na upepo linang'oka?"

"Nikishona mimi, haling'oki."

"Basi njoo unishonee watu."

Kwa wiki mbili Sindano alishinda ndani ya ndege iliyozimwa, akipiga magoti, akipima umbali kati ya pete za chuma za sakafuni. Alichukua utepe mpana wa parachuti zilizochakaa, akaushona kwa uzi mara nne, akaweka kifungo cha chuma kinachofunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu, alisema, mkono wa pili siku zote utakuwa umeshika mtu. Alipomaliza alijilaza mwenyewe kwenye machela iliyofungwa nyuma ya lori, akamwambia dereva akimbize kisha apige breki. Dereva alifanya hivyo mara tano, mara ya mwisho kwa furaha isiyo ya lazima. Mikanda haikuachia hata uzi.

Rubani wa ile ndege, mtu wa utani, alikuja kuitazama kazi. "Safi sana. Sasa umeshona wewe, utapanda wewe. Mkanda ukikatika huko juu, nataka mwenyewe awe karibu."

Sindano alicheka. Sista hakucheka, na hapo Sindano akajua kwamba jambo limekwisha kuamuliwa.

Nyumbani mkewe aliweka chini madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Wewe? Wewe uliyenipandisha mimi juu ya paa kuziba tundu la bati?"

"Nimeamriwa, mke wangu, sijaomba."

"Haya. Lakini usile sana kabla ya kupanda."

Hakula, na bado alitapika, kwenye kofia yake mwenyewe. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya sita akasahau kutapika, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Sista alimfundisha kubadilisha dripu, kuhesabu mapigo ya moyo huku injini zikinguruma, kusoma uso wa mtu asiyeweza kusikika. Alimfundisha pia jambo moja ambalo hakulijua: kwamba ndege ikipanda, hewa iliyofungiwa mahali hutanuka. "Pakiti ya biskuti ukipanda nayo mlimani inafura," alimwambia. "Kifua chenye hewa mahali pasipotakiwa nacho kinafura, lakini kwa ndani, kinabana moyo." Baada ya mwaka mmoja Sindano alipewa cheo cha koplo na kuhamishiwa kikosini.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja, walitua kwenye kiwanja cha vumbi karibu na mpaka kuchukua watu tisa. Mizinga ilikuwa ikisikika upande wa pili wa kilima, na rubani hakuzima injini. Waliwapakia kwa haraka, kila mtu pale palipopatikana nafasi. Mmoja alikuwa dereva wa lori aliyepigwa risasi ya kifua. Daktari wa mstari wa mbele alikuwa amemwekea mpira ubavuni wa kutolea hewa na damu. Mwingine alikuwa mtu wa redio, ana kipande cha bomu kichwani, bandeji imemfunika jicho moja. Huyu alikuwa akiongea vizuri kabisa.

Ndege ilipopanda, dereva alianza kubadilika rangi midomoni. Sista alimkagua akakuta mpira umezibwa na damu iliyoganda. Alijaribu kuuzibua mara mbili, ikashindikana. Alikwenda mbele, Sindano akamsikia akimpigia rubani kelele.

"Nishushe! Nenda chini kadiri unavyoweza!"

"Mbele kuna milima, Sista. Nikishuka siwezi kuivuka, itabidi nizunguke. Dakika arobaini zaidi."

Sista aligeuka akamtazama mtu wa redio, ambaye alihitaji kupasuliwa kichwa upesi na hakuwa na dakika arobaini za kupoteza. Kisha akasema, "Zunguka."

Ndege ikashuka. Dereva akapata kupumua. Sista alibaki kwake, na Sindano akakaa na mtu wa redio.

"Tumefika?" mtu wa redio aliuliza.

"Bado kidogo."

"Mama atanigombeza. Aliniletea saa siku ya kumaliza mafunzo, nimeipoteza huko."

"Hatakugombeza. Atafurahi kukuona."

"Humjui mama yangu wewe."

Baadaye maneno yalianza kumchanganyikia, kisha akanyamaza, akabaki ameshika vidole vya Sindano. Zikiwa zimebaki dakika ishirini kutua, vidole vikalegea.

Dereva alipelekwa chumba cha upasuaji, akapona. Sindano alifungua mkanda wa mtu wa redio kwa mkono wake, akaufua kwenye karai, akauanika. Kesho yake hakwenda kikosini. Alirudi karakana ya nguo, akaketi mbele ya cherehani yake ya zamani, akaanza kushona mifuko ambayo hakuna aliyeiagiza.

Siku ya tatu Sista aliingia, akavuta kiti.

"Umehama bila barua."

"Sista, tungepita juu ya milima, yule angefika."

"Huenda."

"Na dereva?"

"Dereva angekufa. Hilo nilikuwa na uhakika nalo. La yule mwingine sikuwa na uhakika nalo. Nilishika lile nililolijua."

"Na usingizi unakuja?"

"Kwa shida. Mama wa yule wa redio amekuja kuchukua vitu vyake, yuko ofisini kwangu. Anauliza nani alikuwa na mwanawe. Mimi siwezi kumjibu. Nilikuwa kwa dereva."

Sindano aliondoa miguu kwenye kanyagio, cherehani ikaacha kuzunguka. Kisha akanyanyuka, akavaa kofia.

Alimkuta mwanamke mdogo wa umbo, ameketi wima, mkoba magotini. Sindano alipiga saluti bila kujua kwa nini, kisha akaketi na kumweleza yote, pamoja na ile safari ya kuzunguka milima. Hakumficha. Mama alisikiliza akiutazama mdomo wake.

"Alijua kwamba anakufa?"

"Hapana, mama. Alikuwa anaogopa utamgombeza, kwa ajili ya saa."

"Saa gani?"

"Ile uliyomletea. Alisema ameipoteza."

"Saa aliisahau nyumbani!" mama alisema. "Iko kabatini mpaka leo." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na Sindano naye akashindwa kujizuia. Walilia pamoja kama watu wa nyumba moja. Alipoondoka, mama alimwambia, "Mwanangu, asante kwa kumshika mkono."

Sindano alirudi kikosini, lakini jambo moja lilimkaa rohoni. Kosa, kwa jinsi alivyoliona, halikufanyika angani. Lilifanyika chini, pale watu wawili wenye mahitaji yanayopingana walipowekwa kwenye ndege moja na hakuna aliyetazama. Alishona kitambaa chekundu kwenye mikanda ya wale wasiotakiwa kupandishwa juu sana, na cheupe kwenye ya wale wanaotaka haraka. Rangi mbili zikikutana kabla mlango haujafungwa, watu wanasimama, wanaamua, wanaita ndege ya pili.

"Mizinga inalia, nani atakumbuka kutazama rangi?" Sista aliuliza.

"Mimi."

Kwa miezi kadhaa alikuwa yeye peke yake. Halafu ikawa amri iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni. Haikutibu kila kitu. Mara nyingine ndege ya pili haikuwapo, na Sista alilazimika kuchagua tena. Lakini alichagua akiwa ardhini, akijua anachokifanya.

Dereva walikutana naye mara moja tu, miaka baadaye, kwenye foleni ya zahanati. "Nasikia kuna mtu alikufa kwa ajili yangu," dereva alisema, macho chini.

"Hakufa kwa ajili yako," Sindano alimjibu. "Alikufa kwa bomu."

Mapigano yaliisha, kikosi hakikuisha. Kilibeba watu wa mafuriko, wachimba migodi walioungua, na akina mama wenye uchungu. Mmoja alijifungua hewani, na mkewe Sindano akamtania kwamba sasa amekuwa mkunga. Zikaja ndege mbili za kikosi chenyewe, zenye vitanda vya chuma na mikanda ya kiwandani. Sindano, wakati huo sajini, aliivuta ile mikanda, akaikunja, akaikagua mshono kwa mshono, kisha akakubali kwa shingo upande kwamba aliyeshona anajua kazi.

Alistaafu akiwa na safari mia nne na kumi na mbili. Sista, aliyekwisha kustaafu kabla yake, alikuja kwenye sherehe, akala, akasema sentensi mbili, akaondoka. Sindano akafungua chumba cha kushonea mbele ya nyumba yake, akawa anashona sare za shule ya mkewe.

Mwaka jana binti yao, anayeishi mbali, aliwatumia tiketi za ndege wakamtembelee. Mkewe alitaka kukaa dirishani.

"Hapana," Sindano alisema. "Safari zote zile, sijawahi kuona chini kulivyo. Vitanda vilikuwa vinaziba madirisha. Leo zamu yangu."

Mkewe akampisha. Sindano akaketi, akafunga mkanda, akafuta kioo kwa kiganja. Kabla ndege haijafika mwisho wa njia ya kurukia, alikuwa amelala fofofo, na mkewe alimwamsha walipokwisha kutua.