Sehemu ya Tatu, Ambayo Sikumsomea Praiveti Mburu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kikosi niliripoti saa moja kasoro robo asubuhi, viatu viking'aa, nikamkuta Karani Mkuu akimenya chungwa juu ya gazeti. Alikuwa sajini mwandamizi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akaniuliza kama naweza kupiga taipu bila kutazama vidole. Nikamjibu kwamba naweza.

"Basi tutaelewana," akasema. "Ushike neno moja, Mwende. Karani hahukumu. Karani anajaza fomu."

Vijana hudhani jeshi ni bunduki na gwaride tu. Sivyo. Anayeajiriwa, anayepandishwa cheo, anayeoa, anayeumia, anayekufa, wote hupita mezani mwa karani, na faili lake likikosewa, maisha yake yamekosewa. Nilijifunza kazi hiyo katika kambi yetu magharibi mwa Nairobi, kisha nikapelekwa pwani, kisha mpakani kaskazini, ambako vumbi liliingia hata kwenye kikombe kilichofunikwa. Niliporudi Nairobi nilikuwa sajini, na meza ya Karani Mkuu ilikuwa yangu.

Mkubwa wangu sasa alikuwa Ajutanti, yaani kapteni anayemsaidia Kamanda wa kikosi kwa mambo ya ofisi na nidhamu. Alikuwa mtu wa haraka. Akiona faili limelala mezani tangu jana, alilinyanyua kwa vidole viwili na kuuliza, "Sajini, huyu amekufa au bado?"

Mafaili yaliyonijia kwa wingi miaka hiyo yalikuwa ya vijana waliopatikana na bangi au tembe za kulevya mwilini. Utaratibu ulikuwa hivi. Tabibu wa kambi aliwapima mkojo bila kuwaarifu mapema. Kila askari alijaza chupa mbili, zikafungwa lakiri mbele ya macho yake, naye akaandika jina lake juu ya kila moja. Dawa ikionekana, alipelekwa mbele ya Kamanda, na Kamanda akipendekeza aachishwe kazi, faili lilikuja kwangu.

Kuachishwa kwa namna hiyo si kama kufukuzwa dukani. Kijana hutoka na cheti chenye mstari wa tabia, na mstari huo humfuata kila anapopeleka maombi. Kazi ya serikali haipati tena. Kampuni za ulinzi, ambazo ndizo kimbilio la askari wa zamani, husoma mstari huo kwanza. Kanisani watu huacha kumtaja katika maombi, au humtaja mno.

Kabla ya Kamanda kutia sahihi, kulikuwa na fomu. Sehemu ya tatu ilimpa askari siku saba za kumwandikia Kamanda na kujitetea. Ama, kama hakutaka, aliweka sahihi chini kwamba hana la kusema. Karani Mkuu wangu wa zamani alinifundisha kuweka kidole pale chini na kusema, "Sahihi hapa." Nilijiambia hakuna aliyedanganywa, karatasi ilikuwa wazi. Ila askari amefundishwa kutii kidole cha mkubwa, na mimi nilijua hivyo. Ukianza kuwaeleza, alisema Karani Mkuu huyo, mtakaa hapo mpaka jioni. Mazoea yana taabu. Nilifanya hivyo miaka mingi, na nikajiona mchapakazi.

Praiveti Mburu alikuwa dereva wetu, askari wa cheo cha chini, miaka ishirini na mbili, mtoto wa mtaa wa Waithaka. Alikuwa amevuta bangi likizoni, kwenye harusi ya kaka yake, na kosa lilikuwa la kwanza. Alisimama mbele ya meza yangu, akaitazama fomu.

"Afande, hii ni ya nini?"

"Ni kuonyesha umeletwa hapa. Sahihi hapa."

Akaweka. Mimi nikaongeza methali, kwa sababu nilipenda kuwapa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alirudisha sare zake stoo, akatoka na suruali ya michezo aliyoazimwa na mwenzake, maana nguo za kiraia hakuwa nazo kambini. Aliponijia kuchukua cheti aliniomba bahasha kubwa, ili kisikunjike. Nikampa. Mwandiko wangu ulikuwa umejaza mstari wa tabia: "isiyoridhisha," na sahihi yangu ilikuwa chini.

Mwaka uliofuata alikuja mpishi mmoja, msichana, kosa lile lile. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Afande, sioni vizuri. Nisomee tu."

Nikamsomea. Nilipofika sehemu ya tatu alinikatiza. "Kwa hivyo naweza kuandika?" Nikasema unaweza. Aliandika kurasa mbili kwa penseli. Kamanda alimpa adhabu ya kizuizi cha kambini, akampeleka kwa mshauri, na hakumwachisha kazi.

Nilimfikiria Mburu siku hiyo hiyo. Tangu hapo nilimsomea kila askari kila mstari, na Ajutanti aliponung'unika nilimwambia faili halijafa, linasomwa. Lakini Mburu sikumtafuta. Nilijiambia kwamba muda wake umepita. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, na sikutaka mtu afungue mafaili yangu ya nyuma.

Nikastaafu kwa heshima, kwa keki na hotuba. Baada ya miezi minne ya kukaa nyumbani nikigombana na kuku, kampuni moja ya ulinzi kule Westlands ilinichukua nikague vyeti vya waombaji. Ofisi ilikuwa ghorofa ya sita, nami nilikaa dirishani na miwani yangu, nikisoma makaratasi niliyoyafahamu kama sala.

Siku moja akaingia Mburu. Alikuwa amekonda. Hakunitambua, kwa kuwa nilivaa kitenge na nywele zangu zilikuwa na mvi. Akanipa cheti. Tabia: njema sana. Sababu ya kuondoka: mkataba umekwisha. Chini kulikuwa na sahihi yangu, imechorwa vizuri kuliko ninavyoweza kuiandika mwenyewe.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kambini, madam."

"Mburu," nikasema, "mimi ndiye Sajini Mwende."

Alinitazama usoni, akavuta kiti akaketi. Kisha akasema, "Nilijaribu na ile ya ukweli, Afande. Kila mahali wanasoma hiyo mstari moja wananirudishia. Nikaenda River Road, kwa watu wa vyeti bandia, wakanichapia hii. Ita polisi kama unataka, mimi nimechoka."

Sikuita mtu. Nilimrudishia karatasi yake, nikamwambia nisingeweza kuipitisha. Nikaona kama nitanyamaza hapo, sitasema tena mpaka nizikwe. Basi nikamweleza sehemu ya tatu.

"Siku saba?" akauliza. "Ningeandika, ningebaki?"

"Sijui. Kuna mmoja nilimsomea baadaye. Kosa kama lako. Aliandika, akabaki."

"Saa hii ako wapi?"

"Yuko kazini. Ni koplo."

Aligeukia dirisha, akaitazama barabara iliyojaa magari. "Hiyo maneno usiniambie mimi," akasema. "Kuja nyumbani Waithaka uambie mathe."

Nimeandika barua makao makuu, nikataja jina langu, namba yangu ya jeshi na nilichokifanya. Bado sijajibiwa. Vijana mnaoingia ofisi hizi na kompyuta zenu, siwafundishi huruma, hiyo ni ya mtu na moyo wake. Ninachosema ni kwamba fomu isomwe kwa sauti mpaka mwisho, hata kama jioni itawakuta hapo. Tuliambiwa karani hahukumu. Mimi nilihukumu kwa kidole.

Waithaka nilikwenda Jumamosi. Mama yake Mburu alinikaribisha sebuleni, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, na thamosi ya chai ilikuwa tayari mezani. Mburu alibaki amesimama mlangoni. Nilimweleza mama huyo yote, bila methali.

"Bangi alivuta?" akaniuliza.

"Alivuta, mama."

"Na angeweza kuomba msamaha?"

"Angeweza. Mimi ndiye sikumwambia."

Alitazama mikono yake. "Miaka mitano huyu anakulia jikoni," akasema. "Nilimwambia meza yangu si ya mtu alikataa hata kuomba msamaha. Aliniapia hakuna mtu alimwambia anaweza. Nikamwita mwongo."

Hakulia, na hakunitukana. Alimwita mwanawe kwa jina la utotoni, akamvutia kiti kilichokuwa karibu naye mezani. Kisha akafungua thamosi, akamimina chai vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha mwanawe, akaifunga.