Majani ya Mgomba Katika Chumba cha Eksirei

Nilianguka kibanjani, kwenye migomba ya mama mkwe, Kamachumu, nikiwa na mkungu wa ndizi ambao alinikataza kuubeba. Kifundo cha mkono kikavimba. Akanileta hospitali Bukoba, na kapu lenye sufuria ya ndizi zilizopikwa, bado za moto, zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Kwake yeye mgonjwa bila ndizi hajahudumiwa.

Kwenye chumba cha eksirei, mpiga picha akauliza kama nina ujauzito. Nikajifanya naangalia mkono wangu. Kwetu mimba changa haitangazwi, na ya mwaka jana niliitangaza, ikatoka. Hii nilimnong'oneza mume wangu tu. Basi mama mkwe akanijibia: hana, angekuwa nayo ningejua. Hapo nikakasirika. Mkono unauma, halafu tumbo langu lina msemaji wake!

"Ninayo," nikasema.

Mama mkwe akaziba mlango kwa mgongo. Hakuna kupiga picha. Mpiga picha akamweleza taratibu kwamba mkono uko mbali na tumbo, mionzi ya kumfikia mtoto ni kidogo mno, na mfupa usipoonekana unaweza kuunga vibaya. Mama mkwe alisikiliza vizuri sana, akaitikia kwa kichwa, kisha akakunja mkono wa gauni lake na kuweka mkono wake mezani. Apigwe yeye. Sisi ni nyumba moja, na yeye hazai tena.

Waitu, walibishana! Mwisho yule kijana mpiga picha akaleta aproni nzito ya kukinga mionzi, akasema kwa picha ya mkono si lazima, ila roho zitulie. Mama mkwe akaipapasa, hakuiamini. Akafungua kapu, akamkabidhi mpiga picha ndizi kwenye sufuria, akanitandikia majani tumboni, juu yake aproni. Nilikuwa natokwa jasho kama katogo ya ndizi ikichemka jikoni. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa naogopa. Sikutaka kumpoteza na huyu.

Picha ilichukua muda mfupi kuliko mabishano. Mfupa ulikuwa na ufa tu. Mpiga picha akarudia kwamba mtoto hana la kuogopa na picha hii, nikavuta pumzi. Nikainuka tuondoke, lakini mama mkwe hakusogea.

Akauliza kwa sauti ndogo: na picha ya kifua? Zamani alikuwa na mimba yake ya kwanza, akakohoa sana, akapigwa picha hiyo, na baadaye mimba ikatoka. Watu walimwambia kosa ni lake, picha aliikubali mwenyewe.

"Hata ya kifua, mionzi inayofika tumboni ni kidogo sana, mama," akasema mpiga picha. "Haiwezi kutoa mimba."

Mama mkwe akakaa.

"Kwa hiyo sikumuua mimi?"

"Hukumuua."

Alilia bila kujificha, nami nikamshika kwa mkono ulio mzima. Kisha akataja jina alilokuwa amemwekea yule mtoto. Mume wangu amezaliwa na kukulia katika nyumba ile, na hakuwahi kulisikia.