Kisima Kilichokula Kokoto

Mjini Kasulu wapo waliojisifia ng'ombe, wapo waliojisifia watoto waliofika chuo kikuu. Kipriani, fundi wa visima, alijisifia mashimo.

"Tangu nishike kazi hii," alizoea kusema, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukielekeza ardhini kana kwamba ndiye aliyeiumba, "shimo langu halijafa hata moja. Wanaokufa ni wale niliowachimbia, na wanakufa wameshiba maji."

Watu walicheka, wakachota. Mwenye maji husikilizwa hata akitia chumvi.

Na kusema haki, chumvi yenyewe haikuwa nyingi. Kazi aliipatia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, miaka ile ya mwanzo, alipochukuliwa na wachimbaji kubeba mabomba. Wenzake walibeba mabomba tu; yeye alibeba na macho. Wataalamu walisoma mashine, Kipriani akasoma mikono ya wataalamu. Aliporudi mjini na kuajiriwa idara ya maji, alikuwa anaijua ardhi ya Buha kama mama anavyolijua tumbo la mwanawe: akiligusa tu anajua kama limeshiba au linadanganya.

Katika mashimo yake yote, alilolipenda zaidi ni la mtaa wa Nyakageni. Mita sitini na mbili, 2009, yeye mwenyewe akisimamia. Kaya themanini zikaacha kuteremka bondeni alfajiri na ndoo kichwani. Kwa miaka mitatu maji yalitoka meupe hata ukaona aibu kuyafulia.

Mwaka 2012 kisima kikaanza kutema mchanga.

Sasa hapo ndipo mkasa ulipojificha, maana mtaa mwingine wowote ungepiga kelele. Nyakageni walishangilia. Udongo wa Kasulu ni mwekundu, unang'ang'ania viatu mpaka kanisani. Mchanga mzuri wa kujengea unautafuta mbali. Na huu wa kisima ulikuwa laini, mweupe kama chumvi ya Uvinza, umeoshwa tayari. Kila asubuhi mlango wa tenki la kutulizia maji ulipofunguliwa, watu walikuwa wamepanga foleni mbili: ya ndoo na ya makarai. Walipiga lipu. Walifyatua tofali.

"Kwingine wanasubiri lori," Kipriani aliwatania. "Nyie Kipriani anawapa maji na nyumba kwa bomba moja!"

Aliyefaidi kuliko wote alikuwa Verediana, mjane ambaye kiwanja chake kilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye pampu. Mama Elieth, ndivyo walivyomwita. Kwa miaka miwili alizoa mchanga karai kwa karai, akajenga vyumba viwili, lipu ndani na nje, sakafu ya sementi iliyong'aa ukaiona sura yako. Mtu akisifia nyumba, yeye alinyoosha kidole kuelekea pampu: "Mshukuruni mzee wa mashimo."

Julai 2014, kiangazi kimekaza, pampu ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Ilikuwa ya tatu kuliwa na mchanga. Injinia William wa idara ya maji, kijana wa Kinyamwezi kutoka Tabora, akaja na daftari lake.

"Mtani wangu, kisima hiki ni mgonjwa wa kufa," alisema. "Nakupa wiki moja. Mchanga usipokoma, naandika kifungwe, watu warudi bondeni."

"Mnyamwezi anajua maji ya mtungini tu," Kipriani alijibu. "Weka kalamu mfukoni, mtoto. Wiki moja mimi nafufua hata maiti."

Watu wakacheka. Kipriani akacheka zaidi yao, ila usiku ule hakumaliza ugali wake, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona tangu harusi.

Walianza kazi Jumatatu, yeye na wasaidizi wake wawili, Leonidasi na Sylvesta. Walisimamisha magogo matatu yaliyofungwa kileleni, wakatundika kapi, wakaivuta pampu juu bomba baada ya bomba. Bomba la mwisho lilipotoka, shimo likapumua. Msibishe. Upepo ulitoka chini, baridi, wenye harufu ya pango, ukamwinulia Sylvesta kofia.

"Amahoro," Leonidasi akalisalimu shimo, akijifanya mcheshi.

Kipriani alishusha kamba yake yenye fundo kila mita na kipande cha nondo mwishoni. Ilipaswa kuzama mafundo sitini na mawili. Iligota arobaini na saba. Mita kumi na tano za mchanga zilikuwa zimekaa ndani ya bomba kama nyoka ndani ya kichuguu. Walileta kompresa, wakapuliza siku mbili mpaka shimo likawa tupu. Na kamba iliposhuka tena, ikashikwa na kitu kwenye mita thelathini na nane, ikakwaruza, ikaachia. Kipriani akaelewa: ukuta wa bomba umeliwa pale, una jeraha. Dawa yake aliijua. Unashusha bomba jembamba ndani ya lile nene, lenye matundu membamba kama uzi, halafu nafasi iliyobaki katikati unaijaza kokoto ndogo zichuje.

"Karai kumi," alisema baada ya kupiga hesabu kichwani. "Kumi na moja, Leonidasi akimwaga kwa ulevi wake."

Karai kumi ziliingia. Kumi na moja. Ishirini. Kila moja ilishuka kwa mlio wa mvua kwenye bati, *chrrr*, kisha kimya, kisha, wakati umeshasahau, mlio mwingine mdogo, wa pembeni, kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo katika chumba cha jirani. Kwenye karai ya arobaini, Kipriani alipima. Kamba ilisema hakuna kilichoongezeka.

Sylvesta aliweka karai chini. "Mzee, tunamlisha nani?"

"Mimina."

"Mzee…"

"Nimesema mimina! Unaogopa shimo, wewe uliyeoa kule msituni Kagerankanda?"

Jioni nafasi ikajaa hadi juu, baada ya karai themanini na tatu. Asubuhi walikuta kokoto zimeshuka, hazionekani hata kwa tochi. Wakajaza. Asubuhi ya pili, hivyo hivyo. Wakajaza tena, hakuna aliyehesabu, maana kuna hesabu ambazo mtu hataki kulijua jibu lake. Jumamosi kokoto zilitulia. Wakarudisha pampu, wakawasha.

Maji yakatoka mekundu, yakatoka ya maziwa, halafu yakatoka meupe. Meupe kabisa! William alijaza chupa, akaiinua kwenye jua: hakuna hata punje. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Kumbe Kigoma, mwisho wa reli, kuna fundi!" William alipaza sauti.

"Reli ndiyo iliyoishia huku," Kipriani akajibu. "Akili ilianzia."

Wakaizima pampu kidogo ili maji yapande. Kipriani alikuwa na tabia yake: huegemeza nondo kwenye bomba la kisima, sikio kwenye nondo, asikie maji yanavyorudi. Aliinama, akasikiliza.

*Tu.* Kimya. *Tu.* Kimya. *Tu.*

Kuna mtu alikuwa anatwanga ndani ya kisima.

Aliinua kichwa. Akatazama huku na huku. Uani kwake, Verediana alikuwa anatwanga muhogo. Mchi ulipopanda, kisima kilinyamaza. Mchi uliposhuka, nondo iligonga sikioni. Alipopumzika kufuta jasho, na kisima kikapumzika.

Kipriani alivuka zile hatua ishirini polepole. "Mama Elieth, hebu piga tena kidogo."

"Nipige nini, mzee, ngoma?" Kisha akamwona usoni, akaacha utani. "Kwani na wewe umemsikia?"

"Nani?"

"Huyo wa chini. Tangu mwaka jana. Nikipiga moja, naye anapiga moja, nyuma yangu kidogo. Nimehamisha kinu mara tatu, ananifuata. Nilidhani ni marehemu mume wangu. Nikamwambia, we Reverien, kama una njaa sema, usinitwangie." Alicheka peke yake. "Na kuku hawaingii tena ndani. Hata kwa mahindi."

Kipriani akamwomba mchi. Aligonga ardhi karibu na pampu: mlio mnene, wa kushiba. Akapiga hatua, akagonga. Hatua, akagonga. Kwenye hatua ya tisa mlio ulianza kuwa mwepesi. Mlangoni ulikuwa wa kibuyu. Akaingia chumba cha kulala cha mjane, akagonga sakafu inayong'aa karibu na kitanda, na nyumba nzima ikaitika kama ngoma. Ndoo iliyokuwa pembeni, maji yake yalicheza duara ndani ya duara, na yalichelewa sana kutulia.

Alisimama pale na mchi mkononi. Mchanga wa miaka miwili, makarai yasiyo na idadi, lipu ya mtaa mzima: ulikuwa unatoka hapa. Mama huyu alikuwa amejijengea kuta kwa ardhi iliyokuwa chini ya kitanda chake.

Na nje watu walikuwa wanaliimba jina la Kipriani.

Akatoka. Akaangalia ndoo themanini kwenye foleni, akamwangalia William anayecheka na chupa yake. Akitamka neno moja, kisima kinakufa, tena kinachokufa ni kile alichokipenda. Asipotamka, labda ardhi itashika. Ardhi nyingine hushika miaka.

"Vipi, fundi?" William akauliza. "Umeingia kutwanga?"

"Nakagua tu. Ardhi ni nzima."

Verediana alikuwa amemfuata, mikono kiunoni. "Mzee Kipriani, wewe kuingia nyumbani kwa mtu ukatoka bila kujisifu? Umeona nini?"

"Nimesema nzima."

"Basi kalale." Watu wakaguna, wakaanza kucheka. "Msicheke! Anilalie pale kitandani kwangu, pampu ikiwa imewashwa, mpaka ndoo hizi ziishe. Akiamka, nami usiku huu nitalala."

"Nenda, mzee!" wakapiga makelele. "Umebembelezwa na mjane!"

Kipriani akaingia, maana asiyeingia ameshajibu. Pampu ikawashwa. Alijilaza chali, akageuza sikio kwenye ukuta. Nje kulikuwa na kicheko. Chini yake, kwanza hakusikia kitu. Halafu punje. Halafu punje na punje, mchirizi mrefu usiokatika, mchanga ukishuka gizani kuyafuata maji, na kitanda kikainama upande wa miguuni, kidogo tu, kama mtu ameketi pale.

Alitoka peku, viatu kaviacha ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi, akaizima pampu kwa mkono wake.

"Injinia, toa ile kalamu yako. Andika kifungwe."

"Mtani, maji si haya hapa meupe?"

"Kimekufa. Nimekiua mimi, nikawagawia mchanga wake mkapaka kuta, nikajisifu. Chini ya nyumba hii hakuna kitu. Mtoleeni mama huyu vyombo vyake, na waingie mtu mmoja mmoja."

Walimtukana. Wengine walisema amerogwa, wengine kwamba anamtaka mjane ahame ili achukue kiwanja. Lakini waliotumwa ndani kubeba kitanda walitoka nacho kipande kipande, wakinyata, na baada yao hakuna aliyetukana. Verediana alifunga mlango kwa kufuli, akaenda kukaa kwa dada yake. Kaya themanini zikarudi bondeni.

Siku ya tisa, mvua haijanyesha, ardhi haijatetemeka, hakuna jirani aliyesikia lolote, Verediana alikuja kuchukua mabati. Akafungua kufuli, akasukuma mlango, akabaki ameshika mwimo wa mlango. Kisha akamtuma mtu amwite fundi.

Kuta zilikuwa zimesimama zote. Pazia lilikuwa dirishani. Kalenda ilikuwa ukutani, inapeperuka. Sakafu haikuwepo. Kipriani alitupa jiwe, wakasubiri wote wawili, wamekaza shingo. Walisubiri mpaka ikawa aibu kuendelea kusubiri.

"Ungekuwa ndani," Kipriani alisema mwishowe.

"Ningekuwa nimelala," alisema Verediana.

Akavuta mlango taratibu, akapiga kufuli, akaijaribu mara mbili kama imeshika, kana kwamba kulikuwa na mali.

Kesho yake Kipriani alikuja na toroli la udongo mwekundu. Verediana akamfungulia, naye Kipriani akaumwaga kupitia mlangoni, akarudi kuchukua mwingine. Alifanya hivyo kila siku baada ya kazi, bila kutumwa na idara, na waliokuwa wakipandisha maji kutoka bondeni walimpita bila kumsalimu. Alipofika toroli la mia mbili, alikuwa bado hajasikia udongo ukigonga chini.