Dakika Kumi za Kichina

Niliondoka Babati kwa sababu riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imepata wasomaji wengi mno: mama, mhariri, na mwalimu mmoja wa Sigino ambaye hadi leo yuko ukurasa wa tisa. Kwa utajiri huo wa sifa, nilihitaji kazi. Shule moja ya sekondari kule Maisaka ilitaka kuanzisha somo la Kichina, na mkuu wa shule akanishikia nafasi kwa sharti moja.

"Elia, niletee cheti," alisema. "Usipokileta kufikia Januari, kuna kijana wa Singida anakisubiri kiti hicho."

Nikaomba ufadhili wa kozi ya miezi minne huko China, ile ya kumzamisha mtu kwenye lugha kama nguo kwenye beseni. Nikaupata.

Saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Babati. Mama alinisindikiza kutoka nyumbani Nakwa akiwa na mfuko wa viazi vya kuchemsha, kana kwamba Wachina bilioni na ushee wanaishi kwa kunusa hewa. "Ukichoka urudi," aliniambia. "Kichina hakikimbii." Basi likaondoka, ukungu ukilala juu ya ziwa kama shuka ambayo hakuna aliyeikunja, nami nikajihurumia kwa ufasaha mpaka Arusha.

Siku ya pili mchana, Guangzhou. Na kutoka hapo, saa nne za treni hadi mji ambao wenyewe waliuita mdogo. Nilihesabu maghorofa yake nikachoka nikiwa bado sijatoka stesheni.

Asubuhi ya kwanza chuoni, Mwalimu Chen, binti wa rika langu aliyening'iniza saa ya kuhesabia dakika shingoni, alitugawia karatasi ya kiapo: kwa miezi minne, Kichina tu. Simu za wazazi ziliruhusiwa siku ya Jumapili. Wenzangu wakashukuru. Mimi nikaukataa msamaha huo. Msanii hazami nusu. Nikamtumia dada ujumbe amweleze mama kwamba sitapiga simu hadi nirudi. Jibu la mama likaja kupitia kwake: "Sawa." Nikaliona ni baraka.

Nilipangiwa kuishi kwa Bibi Liu, mshonaji mstaafu aliyekuwa akichechemea. Kila asubuhi nilimuuliza ameamkaje, mguu unaendeleaje, mwanawe wa Shanghai hajambo, wajukuu wazima, kazi zinakwendaje, mvua je. Wiki ya tatu akaweka kijiko chini.

"Elia, mguu ni uleule wa jana. Ukibadilika nitakuita."

"Na mwanao?"

"Naye ni yuleyule."

Nikadhani anatania. Hata Mwalimu Chen aliponiambia, "Unaongea vizuri sana kabla hujaanza kuongea," niliandika sentensi hiyo kwenye daftari la sifa.

Mwezi wa nne wa kozi, mtihani wa kuzungumza: dakika kumi juu ya mji wangu. Nilikuwa nimejiandaa kama bwana harusi. Mvua ingeteremka mlima Kwaraa kwa sentensi moja ndefu. Viboko wangeibuka ziwani kwa vivumishi vitatu kila mmoja. Niliingia, nikamwamkia kwanza mtahini mzee, kama inavyopasa. Nikamuuliza habari za nyumbani, watoto, kazi ya kusikiliza watu kutwa. Kisha nikamgeukia mtahini mama, kwa kuwa huwezi kumsalimia mmoja ukamruka mwingine kama nguzo. Akasema hajambo, ila kikohozi. Kikohozi hakiachwi hivihivi. Nikauliza kimeanza lini, nani anamuuguza, mama yake mzazi yuko hai. Yuko hai. Nikafurahi, nikamuuliza na habari za huyo mama.

"Basi," nikasema nikivuta pumzi, "mji wangu..."

Kengele ikalia.

Mwalimu Chen alinisubiri nje. "Umeongea nini humo ndani?"

"Nimewasalimia."

"Dakika kumi?"

"Walikuwa wawili."

Nilifeli. Kulikuwa na marudio baada ya siku mbili, halafu basi. Kijana wa Singida nilikuwa namwona kabisa akifuta vumbi kiti changu. Mwalimu Chen akanifanyisha mazoezi ya kuingia mlangoni. Kila nikianza na habari za asubuhi, alibonyeza saa yake na kunirudisha nje. Mara ya kumi na nne niliingia nikiongea.

Siku ya marudio, mvua ilikuwa imeshafika nusu ya Kwaraa kabla sijakaa. Yule mama akakohoa mara mbili. Nikapitisha viboko juu ya kikohozi chake. Nilifaulu kwa alama za juu, na mtahini mzee akanipongeza kwa kwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Asubuhi ya kuondoka, niliingia jikoni kwa Bibi Liu nikiwa na begi. "Teksi imefika," nikamwambia. "Funguo ziko mezani."

Akanitazama. "Leo hujauliza mguu."

"Si ni uleule?"

"Umevimba," akasema.

Teksi ilipiga honi. Nikasema kitu fulani, nikatoka.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, Nakwa. Mama alikuwa shambani akipalilia mahindi. Nilikatiza matuta mbio, cheti mkononi.

"Mama, hiki hapa. Tazama mhuri. Nafasi ya Maisaka ni yangu."

Alilaza jembe chini, akafuta mikono kwenye khanga, akakishika kile cheti kwa ncha za vidole. Hakukitazama. Alinitazama mimi, akasubiri. Nikaendelea kidogo kuhusu alama.

"Wewe umetokea wapi?" akauliza, kwa upole ule anaompa mpita njia.

Nilikichukua cheti nikakiweka mfukoni. Nikarudi kwa kufuata matuta mpaka barabarani, mtu mzima mwenye mhuri mwekundu, nikageuka, nikaja tena polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umerudi?"

"Nimerudi. Umeshindaje?"

"Salama."

"Na mgongo?"

"Mgongo," alisema, akikaa taratibu kwenye tuta na kunipa nafasi pembeni yake, "unauma tangu mwezi wa kumi. Keti nikueleze."