Kebo ya Mama Taipu

Mtaa mzima ulimwita Mhandisi, na usiulize kwa nini. Wengine walisema aliwahi kutengeneza redio mbovu ikaimba. Mkewe, Mama Taipu, ambaye siku hiyo alikuwepo, anajua kwamba redio ilikohoa tu mara mbili ikanyamaza milele, lakini nani atamvunjia mtu heshima yake? Kazi ya kweli ya Mhandisi ilikuwa kutunza stoo ya mabomba ya maji. Alipostaafu, akahamishia stoo nyumbani.

Chumba cha nyuma kilijaa kompyuta za kale, masanduku mazito yenye rangi ya meno yasiyopigwa mswaki. Haikuwaka hata moja. Mama Taipu alivumilia kwa miaka, na alipenda kukumbusha watu kwamba anavumilia. Lakini sasa mama yake mzazi, ambaye miguu yake ilikuwa imegoma, alikuwa anakuja kuishi nao Jumamosi, na chumba cha nyuma ndicho pekee kisichohitaji kupanda ngazi. Wakapatana: ikifika Ijumaa jioni hakuna kompyuta iliyowaka, zote zinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ikiwaka japo moja, zinabaki zote, na mama atalala sebuleni, asalimiwe na kila muuza mchicha anayegonga mlango.

Mhandisi akaweka matumaini yake yote kwenye kompyuta moja, ile aliyoiokota kwenye takataka za ofisi ya usafirishaji, ofisi ambayo Mama Taipu alichapa barua zake mpaka akapata jina. Aliisukuma hadi nyumbani kwa toroli, kifua mbele, kana kwamba analeta bibi harusi. Ilikuwa nzima, ila monita haikuwa na kebo.

Mama Taipu alijua kebo iliko. Asijue vipi, naye ndiye aliyeichomoa? Siku vijana walipoletwa pamoja na kompyuta mpya, bosi alimwita akamshukuru kwa utumishi wake, shukrani ndefu, tamu, iliyoishia mlangoni. Walisema hafundishiki tena. Mama Taipu akarudi mezani, akachomoa kebo ya monita, akaitia kwenye mkoba. Wakome! Hakuna aliyekoma. Hakuna hata aliyegundua. Tangu siku hiyo kebo ile, ncha zake zimeviringishwa vitambaa, ilifunga mlango wa kabati la jikoni ambao komeo lake lilikatika, na Mhandisi aliifungua na kuifunga kila asubuhi akitafuta sukari. Mtaalamu wa kebo huyo!

"Si kitu, nitatengeneza nyingine," Mhandisi alisema. "Plagi ina meno tisa, huku kuna matundu tisa. Vikiingiliana, vimeelewana."

Ndoa nyingi zimefungwa kwa hoja hiyo hiyo.

Akaazima mchoro kwa rafiki yake, akavaa miwani, akaanza kulehemu waya. Mchoro ulikuwa wa monita za rangi. Monita hii ilikuwa ya maandishi ya kijani tu. Midomo ya hizo mbili inafanana kabisa, matumbo hayafanani. Kwenye hii ya kijani picha yote inapita katika jino la saba, na mchoro wa rafiki ulisema jino la saba liachwe tupu. Mhandisi akaliacha tupu, kwa utiifu mkubwa. Kioo kikabaki cheusi.

Mama Taipu aliyajua hayo. Fundi wa ofisini alikuwa akiwahubiria kila wiki: msibadilishane kebo, na monita ikipiga mluzi zimeni upesi, hizi za zamani hazina akili ya kukataa, zinameza chochote mpaka ziungue. Lakini nani kamuuliza yeye? Alimpelekea mumewe chai.

"Inaendeleaje, Bwana Mhandisi?"

"Bado kidogo tu."

"Naona," akasema, akajiendea zake huku akipanga kichwani kitanda cha mama kitakaa upande gani.

Ijumaa Mhandisi aliweka mchoro pembeni, akaanza kuhamisha waya kwa kubahatisha. Mama Taipu alikuwa jikoni aliposikia mluzi mwembamba ukipenya ukutani. Mhandisi hakuusikia, masikio yake yalishaachana na sauti nyembamba zamani, ikiwemo ya mkewe akimwita kufagia. Mama Taipu alisimama na mwiko mkononi. Kuita tu kungetosha. Akakoroga mboga. Akaionja chumvi. Mluzi ukakatika wenyewe.

Baadaye kidogo Mhandisi akatokea mlangoni, miwani mkononi.

"Basi, mke wangu. Umeshinda. Kesho asubuhi nawaita watu wa vyuma."

"Pole," akasema Mama Taipu, na alijitahidi sana lisisikike kama kigelegele.

"Zile nyingine si kitu, ni uchizi wangu tu. Hii nilitaka uikalie wewe. Tangu wakutoe kule hujachapa hata jina lako." Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Unazikumbuka barua za mabomba nilizokuwa nakuletea pale ofisini? Hazikuwa na haja ya kuchapwa. Nilikuwa nakuja kukusikiliza. Ulikuwa unapiga zile herufi kama mvua kwenye bati. Nikasema nikusikie tena, kabla haya masikio hayajafa kabisa."

Mama Taipu aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaufungua ule mlango wa kabati kwa kuivuta kebo, masufuria yakamwagika sakafuni kwa kelele za ajabu, wala hakugeuka kuyatazama. Akakimbilia chumba cha nyuma akifungua vitambaa njiani, akachomeka kebo mwenyewe, akawasha.

Kompyuta ikaunguruma vizuri. Kwenye monita ikasikika tak! moja, kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Akazima, akawasha. Akapiga monita kofi ubavuni. Hamna kitu.

Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yake. Alitazama kebo. Akatazama vitambaa sakafuni, akageuka akatazama jikoni, kabati liko wazi. Mama Taipu alingoja aulizwe. Alikuwa tayari kulia, kugombana, lolote.

"Kebo nzima hii," Mhandisi akasema. "Imetunzwa."

Akachukua bisibisi, akaanza kufungua rafu za kompyuta.

Jumamosi mama alifika, akashikwa mikono miwili mpaka chumba cha nyuma. Kilikuwa kimedekiwa, kina kitanda, dirisha na hewa. Bibi kizee akaketi, akapapasa shuka, akafurahi mpaka akatokwa na chozi.

"Chumba kizuri jamani! Mmehangaika sana kukipata?"

"Mimi nilibeba tu, mama," Mhandisi akajibu kwa upole, akimwekea mto mgongoni. "Kazi yote kafanya binti yako."

Mama Taipu akasema anakwenda kutazama chungu jikoni, ambako hapakuwa na chungu chochote motoni.