Hodi Kwa Mwenye Uso wa Dhahabu

Shangazi yangu Kanze alikuwa mpishi wa Renzo, Mtaliano mmoja wa Malindi. Mwaka 1986 Renzo alimchukua hadi kwao Sisilia, akampeleka kuona kanisa kuu lililojengwa karne nyingi nyuma.

Shangazi akasimama mlangoni. Nguzo zilikwenda mbali, hapana mtu. Lakini juu, ukutani, uso mkubwa wa Yesu, uliopangwa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu, ulimtazama.

“Hodi!” akaita.

Renzo akacheka. “Ingia tu, Kanze. Hakuna mtu.”

“Hakuna mtu? Na huyu anayetutazama ni nani?”

Akapiga hodi mara tatu, kama ilivyo desturi yetu. Hakuitikiwa. Basi akaketi zake kwenye ngazi, akakataa katakata kuingia. Renzo aliingia peke yake, akatoka upesi.

Waliporudi Malindi, Renzo, ambaye miaka yote alizoea kuusukuma mlango wa chumba cha shangazi bila neno, asubuhi moja alisimama nje.

“Hodi!”

Shangazi alikuwa ndani anajifunga leso.

“Piga tena,” akamwambia.