Kodi Iliyolipwa Mara Mbili

Pwa! Kimya kidogo, halafu pwa tena. Ndivyo kashe, ule muhuri wa kalani wa kodi, ilivyolia juu ya meza ya mbao, na hata leo nikifumba macho naisikia. Kila pwa ilikuwa mtu mmoja ametulia kwa mwaka mzima: polisi wakimsimamisha njiani, anatoa karatasi yake, anapita.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Wabelgiji walikuwa wangali wanatawala, sisi tulikaa Kadutu, mjini Bukavu, na papa alikuwa fundi wa mbao. Nilikuwa nimemaliza darasa la tano, na kwa msichana, watu walisema, hapo ndipo barabara inapoishia. Mimi niliona inaanza. Nilitaka kwenda kwa masista kujifunza kushona. Niliota nina mashine yangu mbele ya nyumba, wateja wamepanga mstari mpaka kwa jirani, nami nawaambia, ngojeni, ngojeni, mikono ni miwili tu.

Masista walinikubali. Walitaka kitu kimoja: siku ya kufungua, kila msichana aje amevaa uniforme ya buluu iliyoshonwa vizuri. Asiye nayo, nafasi yake inapewa mwingine. Na papa hakuwa na pesa ya kitambaa, wala ya kumlipa fundi wa cherehani.

Wiki ileile papa mukubwa, kaka yake papa, alifika na meli kutoka Kalehe, kwetu kijijini. Hata kunawa hajanawa, alitoa karatasi.

"Mudogo wangu, kodi yako nimelipa. Jina yako haikuitwa!"

Kule kwetu, siku ya soko, kalani wa mwami, chifu wetu, alisoma majina ya wasiolipa mbele ya watu wote. Mkubwa wa nyumba hawezi kukaa akisikia jina la mdogo wake likitajwa hivyo. Afadhali auze kitu. Sisi tulikuwa mjini miaka mingi, lakini jina la papa halikuwa limefutwa kwenye kitabu cha kijiji. Papa mukubwa alikuwa ameuza mbuzi.

Papa aliingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa karatasi yake mwenyewe, akailaza kando ya ile. Mwaka uleule. Jina lilelile.

"Yaya, kaka yangu," alisema polepole, "nilisha lipa hapa."

Mama alijiziba mdomo, lakini kicheko kilimponyoka. "Kumbe mwaka huu niko na bwana wawili! Na hakuna hata mumoja wa kunipasulia kuni!"

Papa mukubwa alicheka pia, ila niliona macho yake yameenda mbali, kwa mbuzi wake. Nilimwonea huruma, nikamwongezea sombe, majani ya muhogo, katika sahani. Papa alitaka tunyamaze. Kudai pesa irudi, kwake, ilikuwa sawa na kusema mbele ya serikali kwamba kaka yake ni mjinga. Mimi ndiye niliyeuliza: "Papa mukubwa, haiwezi kurudishwa?"

Wakanitazama wote watatu. Papa mukubwa alitafuna, akameza.

"Mbuzi ilisha enda," alisema. "Ile pesa ikirudi, iko ya mutoto. Ashonewe ile nguo."

Kesho yake tulienda biro, ofisi ya kodi, papa na mimi. Kalani alikuwa kijana, kalamu juu ya sikio. Alizisoma karatasi mbili, akazisoma tena, akapiga kashe yake.

"Papa, hii karatasi ni moja, lakini ndani muko pesa mbili," alisema. "Kubwa ni ya Koloni, ya Wabelgiji. Hii ndogo ya juu ni ya sheferi, ya mwami. Ya Koloni itakuja mbio. Ya sheferi, mungoje."

Ya Koloni ilikuja baada ya wiki tatu. Tulinunua kitambaa, na ikaisha. Ya sheferi ndiyo tuliyomwekea fundi wa cherehani. Basi kila Alhamisi nilipita biro.

"Weye tena!" kalani alisema mara ya nne. "Nikuletee kiti, ufanye kazi hapa?"

"Leta, tonton," nilisema, nikimwita mjomba. "Lakini pesa kwanza."

Akacheka, akaweka kalamu chini. Nadhani alichoka kunifukuza.

"Sikia. Koloni, ulipe Kalehe, ulipe Bukavu, sanduku ni moja. Nilifungua kitabu, nikaona papa yako alilipa hapa, kesi ikaisha. Sheferi iko na sanduku yake na kitabu yake. Haigusi kitu mbele ya kupata karatasi yetu yenye inasema ni kweli. Karatasi inapanda meli. Kalani wa kule iko peke yake: kodi ni yeye, soko ni yeye, kesi za tribinali ni yeye. Anapekua kama hamukurudishiwa tayari, sababu batu banadaigi pesa moja mara mbili. Halafu wazee ba mwami bakae, bakubali."

"Bakisha kubali?"

"Ndio bafungue sanduku. Pengine bakute faranga zilisha kuwa mbao za daraja. Bangoje kodi ya soko zingine iijaze."

Hakuna mwizi, basi. Sanduku dogo tu, na mtu mmoja aliyelemewa. Nilirudi nyumbani nikimhurumia kalani yule wa Kalehe ambaye sijawahi kumwona. Lakini huruma haishoni nguo. Pesa yenyewe ilikuja kweli, yote, lakini masista walikuwa wamefungua zamani na mahindi yameshavunwa. Tulimnunulia papa mukubwa chumvi na sabuni.

Siku tatu kabla ya masista kufungua, pesa ikiwa bado haijafika, nilimpelekea fundi kitambaa, nikamwomba ashone, tutalipa.

"Nishonee ahadi ya sheferi?" alisema, mguu ungali kwenye cherehani. "Ahadi haipikwe, mutoto. Jishonee!"

"Ningejua, ningekuja kwako?"

"Na ukijua, masista ba nini?" Wateja wake wakacheka.

Nilikunja kitambaa changu taratibu, pembe kwa pembe. Njia nzima nilisikia neno moja tu: jishonee. Mara ya kwanza lilikuwa tusi. Nilipofika mlangoni lilikuwa shauri.

Jumapili nilisali misa ya kwanza. Papa na mama walipoondoka kwenda ya pili, nilifagia sakafu, nikatandika mkeka, nikakilaza kile kitambaa cha buluu. Juu yake nililaza gauni langu la zamani, nikalizungushia mstari wa mkaa, nikiacha upana wa vidole viwili, kwa sababu nilikuwa nimekua. Mkasi hatukuwa nao. Nilichukua wembe wa papa. Nikikosea, kitambaa kingine hakuna.

Niliweka goti juu yake kisisogee, nikaanza kukata, kuanzia kwapani.